Vyumba Vitatu vya Chini

Ifakara
Jumapili, jua likiwa bado kwenye mapaa

Felista mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, unakunja sketi za shule na kuzikunjua tena, na mama yako anakuhesabia soksi. Nasikia kila neno. Amekuambia habari ya sabuni, ya chandarua, ya baridi ya Njombe, ya kutomwazima mtu sweta. Ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi, kwa hiyo sitayarudia. Karatasi hizi nilizinunua juzi dukani kwa Mzee Saidi. Si za ofisini kwangu. Nakuambia hivyo ili usije ukazisoma kwa wasiwasi. Au labda najiambia mwenyewe.

Kesho utapanda treni. Banjo la babu yako limeegemea ukuta nyuma ya mlango wako, ndani ya mfuko wa turubai tuliomshonesha fundi. Umeniuliza mara mbili kama kweli nakuruhusu uende nalo, na mara zote nimejibu, "Tutaona." Hilo ndilo jibu langu la kila kitu, unalijua. Leo nataka nikujibu sawasawa. Jibu ni refu kwa sababu lina kosa langu ndani yake.

Banjo hilo lilifika kwetu kabla sijazaliwa. Babu yako alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya misheni, na pale alikaa seremala mmoja Mzungu aliyefundisha vijana kutengeneza madirisha. Watu walimwita Bwana Yohane. Jioni alikaa kwenye ngazi akapiga nyimbo za watu wa milimani kwao, za wachimba makaa, za wanaofiwa na wanaoagana. Babu aliacha sufuria jikoni akaja kusikiliza, na inasemekana ugali wa misheni uliungua sana miaka ile. Bwana Yohane alipokuwa anarudi kwao aliuza vitu vyake. Wenzake babu waligombea baiskeli. Babu alitoa gunia la mpunga na bata wawili, akaondoka na banjo. Hata siku ile lilikuwa limeshatumika: ngozi yake ilikuwa na doa la chai, na shingo ilikuwa imelainika mahali pa dole gumba la watu ambao hatutawajua kamwe.

Bibi yako alimuuliza kama kweli ametoa bata wawili kwa ajili ya kikaango chenye mkia.

Bwana Yohane alikuwa amemweleza babu kwamba asili ya chombo kile si kwao. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi walivuka bahari mikono mitupu, lakini mikono ilikumbuka: kibuyu kilichowambwa ngozi, kijiti kirefu, nyuzi. Huko ugenini wakakitengeneza upya, na wengine wakajifunza kwao. Babu yako, ambaye baba yake mwenyewe alipiga zeze la kibuyu, alifikiri kidogo, akamwambia, "Kwa hiyo unaniuzia shangazi yangu."

Umeshaona kwamba shingo yake ni ndefu kuliko ya banjo lolote kwenye picha. Ndiyo maana watu wa Idete waliliita Korongo. Vile vyuma vidogo vilivyolazwa shingoni vinaigawa, na kila nafasi kati ya chuma na chuma babu aliiita chumba. Banjo la kawaida halina vile vyumba vitatu vya mwisho, karibu na kichwa. Tuliviita vya chini kwa sababu ya sauti yake. Sauti inashuka humo kama mtu anavyoshuka mtoni kuchota maji, polepole, akishika nyasi. Na Bwana Yohane aliacha pia kibano cha chuma chenye mpira. Ukikibana kwenye chuma cha tatu, vile vyumba vinafungwa na Korongo anakuwa banjo kama mabanjo mengine. Babu hakukitumia hata siku moja. Bibi alikitumia kubania mfuko wa chumvi.

Dungu unalijua kuliko mimi, lakini niache nilitaje, maana tangu Alhamisi nikifumba macho ndilo ninaloliona. Kibanda juu ya nguzo, katikati ya mpunga, na chini yake ukungu wa alfajiri umelala kama maziwa. Halafu dungu lingine mbali, na lingine, kila ukoo na lake, hadi macho yanapochoka upande wa Michenga. Hakuna mtu anayeonekana. Moshi mwembamba tu, na kikohozi. Kisha uzi mmoja unalia, kule chini kabisa, na ukungu kama unasogea kuupisha. Babu anaanza wimbo wa kuamia ndege, wa kuwafukuza mpungani.

Wimbo ule haukuwa na mwanzo niliowahi kuujua. Kila familia ilikuwa na ubeti wake: aliyehamia mwaka gani, aliyechukuliwa na mafuriko, aliyeiba jembe akasingizia nguruwe. Babu aliimba ubeti wako, nawe ukiwa dunguni kwako ukaitikia na kupiga debe, ndege wakaruka, na ubeti ukahamia kwa jirani. Hivyo ulikwenda shamba hadi shamba mpaka jua likapanda. Kati ya ubeti na ubeti kulikuwa na sauti zisizo na maneno, za kooni, nusu kuguna nusu kucheka. Ndizo zilizokuwa zinaubeba kutoka dungu hadi dungu.

Na mimi nilikuwa na ubeti wangu.

Nilikuwa na miaka sita. Babu alinipa debe na fimbo akaniacha kwenye ukingo wa shamba. Kwelea kwelea wakaja. Unawajua wanavyokuja, si kama ndege wengi bali kama mnyama mmoja anayejikunja angani. Nikatupa debe, nikakimbia hadi chini ya dungu, nikajikojolea. Kesho yake alfajiri babu akaimba: *Nilimpa mwanangu debe afukuze ndege, ndege wakamfukuza yeye.* Kicheko kikaanza dungu letu, kikaenda la pili, la tatu, nami nikiwa tayari nakimbia njiani nikakisikia kikiishia mbali kabisa kwa watu ambao hata siwafahamu. Tangu siku ile, kila babu alipofika kwenye ubeti huo, nilishuka ngazi mbio, nimeziba masikio, nisisimame mpaka njiani. Miaka yote hiyo.

Shuleni nilikwenda na woga uleule, nao ukanifaa. Darasa la nne nilitia maneno ya Kindamba kwenye insha, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, na kicheko nilikitambua; kilikuwa kile kile. Nikajifunza kufuta. Nikawa mtu wa kufuta vizuri kuliko wote, na wanaofuta vizuri hupewa alama. Siwezi kukudanganya kwamba woga haukunipa kitu, Feli. Umenisomesha, na umenipa meza masjala. Ndio unaotulisha. Lakini haujui pa kukomea.

Ulizaliwa nikiwa na miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Nilikushika kama mtu anavyoshika jalada la ofisi nyingine, nikiogopa hata kukunja kona. Kila msimu nilikuacha uende shambani na babu na bibi, mwanzoni kwa sababu natafuta kazi, baadaye kwa sababu nimeipata. Nilidhani nakukosesha kitu.

Babu yako alipoanza kuugua aliniita Idete. Akasema, "Wewe kalamu unaijua. Uandike ule wimbo kabla sijaondoka nao." Nilikwenda Jumamosi tatu na daftari la kaunta. Alikuwa amelala kwenye mkeka, Korongo kifuani, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi karibu haisikiki. Nikaandika karibu kila kitu. Hadi hapo sikuwa nimekosea.

Kosa nililifanyia hapa mezani kwangu, kwa utulivu, nikiwa na rula. Nilitoa majina ya watu, kwa maana wajukuu wao wapo na mtu anaweza kwenda kulalamika serikali ya kijiji. Nikatoa wizi wa jembe. Maneno ya Kindamba nikayageuza Kiswahili sanifu. Beti zilizokuwa ndefu nikazikata, fupi nikazirefusha, zote zikawa na mistari minne. Zile sauti za kooni sikuziandika kabisa. Nilijiuliza nitaziandikaje, nikaona hazina maana. Na ubeti wangu niliukata kwa mstari mmoja ulionyooka. Sikuwa nimeuandika wote. Babu alipofika pale mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, lakini nilisema naenda kunywa maji.

Nikauchapa, nikampelekea, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akasema:

"Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa huyu ni nani?"

Nilidhani ni homa. Nikamjibu kwamba ni wimbo wake. Akasema, "Aa," kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni aliyebisha hodi nyumba isiyo yake, akafumba macho. Wiki ya pili yake tulimzika, mvua ikinyesha.

Siku ya kumaliza msiba ulikuwepo, lakini ulikuwa na miaka kumi na ulikuwa jikoni na wanawake. Wazee waliniambia nipige wimbo wa baba yangu, maana kulipiga Korongo alinifundisha utotoni. Mpunga ulikuwa umeiva, ilikuwa sawa kuuimba. Bosi wangu alikuwa amekuja na wenzangu watatu wa ofisini, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimejiandaa. Kwenye simu nilikuwa nimesoma jinsi banjo linavyotakiwa kuwa, nikaomba kile kibano kwa bibi, nikavifunga vile vyumba vitatu ili sauti iwe sahihi. Nikaweka karatasi yangu gotini, nikaanza.

Ilikuwa juu mno. Mabibi walijaribu kuidaka, sauti zikawakatika. Walisubiri mahali pao pa kuitikia, hapakuwepo. Walisubiri majina yao, nayo hayakuwepo. Nikaona mdomo mmoja ukifungwa, na mwingine, kama watu wanaofunga milango mtaani mvua ikianza. Nilimaliza peke yangu. Bosi wangu alipiga makofi.

Bibi yako alingoja wageni waondoke, akanijia nikiwa nakunja karatasi.

"Karani," akaniita, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "umeuosha wimbo wa mume wangu mpaka umekuwa uji wa mgonjwa."

Nikalipandisha Korongo juu ya kabati, nikakukataza kuligusa. Nilikuambia ni kwa sababu ni kitu cha zamani na kinavunjika. Haikuwa kweli. Lile daftari la kaunta nilikuwa nimeshalitupa nilipopata nakala safi; ndivyo tunavyofanya, rasimu hazitunzwi. Kwa hiyo kila nilipolitazama kabati nilijua kwamba wimbo wa babu yangu na baba yangu umeishia kwangu, na umeishia kwa unadhifu.

Sasa Alhamisi. Labda wewe huioni kama siku ya kukumbuka. Ulikuwa uani unapeta mchele, nami nimeingia kutoka kazini. Nikasikia zile sauti. Za kooni, nusu kuguna nusu kucheka, ungo ukizipigia. Nilisimama mlangoni na mkoba mkononi na kwa muda sikujua niko mwaka gani. Uani palikuwa na jua, lakini miguuni nilihisi ukungu.

Nikakuuliza unaimba nini. Ukaacha kupeta.

"Samahani, baba," ukasema.

Feli, nimelisikia neno lile usiku na mchana tangu siku hiyo. Hukuwa umefanya kosa lolote. Uliomba radhi kwanza ili uwe salama, kisha ndio ukatafuta kosa. Nilijiona mimi nimevaa gauni, nimeshika ungo.

Nilipokuomba uendelee ulisema hujui ni nini, ni ya ndege tu, babu alikuwa anaiimba na wewe unalala. Ukaimba. Ulikuwa nazo sauti zote. Maneno ulikuwa nayo machache, hapa na pale, kama mawe ya kuvukia mto. Nikapanda kwenye kiti, nikalishusha Korongo, nikatoa kibano.

Ndiyo sababu jana tulikwenda Idete, si kuaga tu. Unajua yaliyotokea, lakini hukuona nilichokuwa naona mimi. Tulimkuta bibi yako ametoka kupanda, tope hadi magotini. Tukamwamkia, akaitikia, akakupokea kwa maneno yake, "Mke mwenzangu, umekuja kuniachia kaburi la mzee wetu peke yangu?" Kisha akauona mfuko. Nilipomwambia tunachotaka alikataa. Wimbo wa ndege hauimbwi mpunga ukiwa mchanga, akasema, unawaita. Hata babu yako hakuwahi kuuimba kabla ya mashuke kutoka. Nilikuwa tayari kukubali; nilishafungua mdomo kusema tutaona.

Wewe ukasema, "Bibi, mimi mashuke yakitoka sitakuwepo."

Akakutazama. Akanawa miguu, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Akaketi kwenye kigoda.

"Basi," akasema. "Ndege wakija, tutasema wameitwa na karani."

Ulianza wewe na zile sauti. Mimi nilitafuta vyumba vya chini kwa vidole, na vidole vilivikuta. Ule uzi mfupi wa tano, unaoanzia katikati ya shingo kama mtu aliyechelewa misa, ukawa unalia juu ya yote bila kubadilika. Na bibi, sauti yake ya chini, nzito, ambayo babu alikuwa ametoa bata wawili ili aipatie mahali pa kukaa. Sasa naamini hivyo. Majina yakaja. Mwizi wa jembe akaja, tukacheka. Tulikwenda shamba hadi shamba, na beti nyingine zilikuwa na pengo, tukapita juu ya pengo kwa zile sauti, hazikutuangusha. Sijui tulikaa muda gani. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimehama.

Kisha bibi akaimba: *Nilimpa mwanangu debe afukuze ndege, ndege wakamfukuza yeye.*

Uliona nikisimama. Nilikuwa nakimbia, Feli, nina miaka thelathini na mbili na banjo mkononi. Lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya mlango, huna hata habari, na huwezi kumruka mtoto wako. Nikabaki. Na mkaimba, wewe na bibi yako pamoja, mstari ambao sijawahi kuusikia:

*Waacheni ndege wale leo, mtoto asilie.*

Nilikaa chini. Bibi aliendelea na ubeti wa jirani kana kwamba hakuna kitu. Baadaye, tukinywa uji, uliuliza mtoto yule ni nani, akanionyesha kwa kijiko, ukacheka mpaka uji ukakupalia. Nami nikacheka. Kumbe kicheko kile, dungu hadi dungu, kilikuwa kinasubiri mstari wa pili, na watu wote wa bonde waliusikia isipokuwa aliyeimbiwa. Mwaka ule babu kweli aliwaacha ndege wale mpunga. Nilimuuliza bibi, akasema ndiyo, walikula karibu robo ya shamba, naye aligombana na mumewe siku nzima.

Basi jibu langu ni ndiyo. Nenda nalo. Likichafuka, lichafuke, lina doa la chai tangu zamani. Wenzako watacheka shingo yake. Watakuuliza mbona halifanani na ya kwenye simu, na huenda atakuwepo mtu mwenye elimu wa kukuonyesha jinsi ya kulisahihisha. Msikilize, anaweza kuwa na jambo la kukufundisha. Ila kibano hutakikuta kwenye mfuko. Nimekirudisha Idete, kiko kwenye chumvi.

Kuhusu woga sina la kukufundisha. Bado ninao, umesoma mwenyewe habari ya karatasi za dukani. Najua tu kwamba nilikimbia kitu kwa miaka ishirini na sita kwa sababu nilisikia nusu yake.

Limebaki moja. Kila mtoto wa ukoo ana ubeti, na wewe huna. Nilimuuliza bibi kama babu aliusahau. Akasema hapana, babu alisema ule si wake kuutunga, baba yake mtoto yupo. Nimeujaribu tangu mchana. Kikapu hapa chini ya meza kimejaa, maana kila nikiuandika nausahihisha, na kila nikiusahihisha simjui ni nani.

Kwa hiyo hautakuwa kwenye barua hii. Kesho stesheni, mizigo ikishapanda, nitakuomba Korongo dakika moja. Patakuwa na watu, na huenda pakawa na mtu wa ofisini. Treni itakupitisha karibu na mashamba ya Idete, na bibi amesema atakuwa nje amesimama, kwa hiyo utauimba dirishani ukifika pale, aupokee, ndivyo wimbo unavyokwenda. Sijui nitaimba nini. Najua nitaanzia vyumba vya chini.

Na mstari wa kwanza ukitoka vibaya, watu wakacheka, usishuke ngazi. Ngoja wa pili.

Ni mimi baba yako,
aliyefukuzwa na ndege.